Mtafute juu ya mrihi, si kwenye ua: mwongozo kamili wa kumwona chozi wa Amani

Nilimkosa chozi wa Amani, ndege mdogo wa msituni, safari tatu mfululizo, na zote tatu kwa kosa moja: nilikwenda kusimama penye maua. Chozi tuliowazoea nyumbani ndio walionipoteza. Wale huwakosi kwenye ua la mgomba au la mpapai, na ukikaa kimya nusu saa watakuja hadi karibu na pua yako. Basi nikaingia msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, nikatafuta kichaka chenye maua, nikakaa, nikangoja. Niliona chozi wa kila aina isipokuwa yule niliyemfuata.

Safari ya nne mzee wa Kigiriama aliyekuwa akituongoza aliniona nimekodolea macho kichaka, akacheka. "Mwanangu, huyo hakai chini. Inua shingo." Dakika arobaini baadaye nilimwona, mita kama kumi na tano juu, anapekua majani ya mti wa mrihi kana kwamba ametumwa kuyahesabu.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye hataki kupoteza safari tatu. Unahitaji darubini, asubuhi mbili au tatu, na shingo yenye subira.

Kwanza, mjue unayemtafuta

Jina lake la kisayansi ni Hedydipna pallidigaster. Hilo neno la pili maana yake ni "tumbo hafifu", na ukilikumbuka hilo tu umeshapata nusu ya kazi ya kumtambua. Aliandikwa rasmi kama spishi mwaka 1935 na W. L. Sclater pamoja na Reginald Moreau, yule Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, tangu 1928 hadi 1946. Ndiyo maana anaitwa wa Amani, ijapokuwa wengi wetu tunamwonea pwani ya Kenya. Katika vitabu vya zamani utamkuta chini ya jina Anthreptes pallidigaster. Ni ndege yuleyule.

Ni mdogo hasa. Tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia ana sentimita 8 hivi, sawa na kidole chako cha kati. Dume ana kichwa, koo na kifua cha juu cha kijani kiwivu kinachong'aa kama mgongo wa nzi wa chuma. Kuanzia hapo kwenda chini ni mweupe. Ubavuni, karibu na kwapa, ana vishungi vya rangi ya machungwa, lakini mara nyingi huvificha chini ya bawa, kwa hiyo usivingoje ndipo uamini. Ukimtazama kutoka chini dhidi ya anga, kijani chote hugeuka cheusi, na unachoona ni ndege mdogo mwenye koo jeusi na tumbo jeupe. Hiyo picha ndiyo uiweke kichwani. Picha zilizopigwa karibu kwa kamera kubwa ni nzuri kutazama, lakini hutamwona hivyo.

Jike hana kijani. Mgongo wake ni wa kijivu chenye ubuluu, chini ni mweupe uliofifia, na mkia ni wa buluu nzito inayoelekea zambarau. Mkia huo ndio alama yake, maana mwili wote uliobaki hauna jambo.

Wanaishi katika sehemu chache tu za dunia: Arabuko-Sokoke katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, na kwa upande wa Tanzania misitu ya Usambara Mashariki na ya Udzungwa. Kwa sababu hiyo amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hilo lina athari kwa jinsi unavyotakiwa kumtafuta, nitalifikia.

Jambo moja hunistaajabisha kila nikilifikiria. Arabuko-Sokoke ni msitu mkavu, tambarare, karibu usawa wa bahari, na chozi huyu amejifunga na miti ya mrihi. Amani ni milima yenye ukungu, mvua nyingi, misitu ya kijani mwaka mzima, na mrihi hakuna. Ndege mmoja, nyumba mbili zisizofanana hata kidogo. Kwa hiyo mbinu ya kumtafuta pwani haikutoshi mlimani, na nitazieleza mbalimbali.

Chagua msitu

Ukiwa na nafasi ya safari moja tu, nenda Arabuko-Sokoke. Vilele vya mirihi viko wazi, majani yake si mazito, na anga inapita katikati yake. Ndege akisogea unamwona. Amani miti ni mirefu zaidi, majani yamefungana, na ukungu unaweza kukufungia asubuhi nzima.

Nenda Amani ikiwa unataka zaidi ya chozi mmoja. Pale kuna chozi wengine wasiopatikana pwani, kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na hali ya hewa ni ya kuvaa sweta. Mimi huenda Sokoke kwa ajili ya ndege, na Amani kwa ajili ya kuwa Amani.

Udzungwa nauacha nje ya mwongozo huu. Yupo, lakini milima ile inataka matayarisho ya namna nyingine kabisa.

Kuhusu majira: pwani, adui yako si jua wala mvua, ni upepo. Kusi likivuma kwa nguvu vilele vyote vinacheza, na kumtafuta kitu cha sentimita 8 kwenye majani yanayotikisika ni adhabu. Mimi hupendelea kaskazi, au siku za maleleji, upepo unapogeuka na asubuhi zinakuwa tulivu. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, njia za mchanga ndani ya msitu huwa mabwawa. Ukilazimika kwenda wakati wa kusi, fika mapema zaidi, maana upepo huamka na jua.

Vifaa, kwa ufupi

Darubini ya 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganyike na za kukuza mara 12 au 16: mkono unatikisika, eneo unaloona linakuwa finyu, na ndege huyu hakai mahali pamoja kwa sekunde nne. Kamera si lazima.

Nguo za rangi ya majani makavu, suruali ndefu, soksi ndefu za kuivuta suruali ndani yake (kupe wa Sokoke hawana haya), maji ya kutosha, daftari na kalamu. Na leso au mkeka mwembamba. Huo mkeka watu hunicheka nao, lakini subiri.

Jizoeze kabla ya kusafiri

Hatua hii wengi huiruka, halafu wanarudi wakisema "nadhani nilimwona". Wiki mbili kabla ya safari, tafuta chozi wowote walio karibu nawe. Si kuwafurahia tu, fanya zoezi.

Mwone ndege kwa macho matupu. Bila kuondoa macho kwake, inua darubini ikute macho. Watu wengi hufanya kinyume: huangalia chini kutafuta darubini, wakirudisha macho ndege ameshahama. Rudia mpaka uweze mara nane kati ya kumi. Kabla ya hapo hakikisha darubini yenyewe imelingana na macho yako: funga jicho la kulia, lenga kitu kwa gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha funga la kushoto, na urekebishe ile pete ndogo ya kwenye jicho la kulia bila kugusa gurudumu la kati.

Halafu jizoeze kuuliza maswali manne kwa mpangilio huu huu: tumbo rangi gani? Koo rangi gani? Pana mstari wowote kati ya koo na tumbo? Mkia rangi gani? Mgongo acha mwisho, kwa sababu ndege aliye juu yako hakuonyeshi mgongo. Mtu aliyezoea kuanza na tumbo hawezi kumchanganya chozi wa Amani na yule chozi wa njano tunayemwona kila mahali.

Sauti nayo. Msikilize chozi yeyote akilia, upate kuizoea ile namna ya sauti nyembamba, ya juu sana, ya harakaharaka. Ya wa Amani iko katika ukoo huohuo. Ukienda na sikio lililokwisha kuzoea, utasikia "kuna chozi juu ya mti ule" kabla ya kuona jani likitikisika.

Arabuko-Sokoke, hatua kwa hatua

Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi na umelala kati ya Kilifi na Malindi. Mlango unaofaa zaidi kwa mgeni ni kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Matatu zote za njia hiyo zinapita hapo. Lala Gede, Watamu au Malindi. Ukitoka Mombasa alfajiri utafika umechelewa.

Siku moja kabla, pita kituoni. Ulizia malipo (siku hizi malipo ya serikali hupitia eCitizen, kwa hiyo yamalize mapema badala ya kupambana na mtandao saa kumi na mbili asubuhi), na panga mwongozaji. Usiseme utajitegemea. Ndani kuna ndovu na nyati, na msitu si mbuga: ndovu aliye mita ishirini nyuma ya kichaka hutamwona. Pia waongozaji wa hapa ni watoto wa vijiji vya jirani waliokua wakisikia ndege hawa. Mwambie mapema kabisa kwamba unamtafuta chozi wa Amani, maana usipomwambia atakupeleka kumwona bundi mdogo wa Sokoke, ambaye ndiye kila mgeni anamtaka.

Panga pia usafiri wa ndani. Sehemu unayoitaka haiko mlangoni, iko kilomita kadhaa ndani. Gari lenye miguu mirefu ni bora. Pikipiki inafaa ukikubaliana na dereva akae mbali na azime injini.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mwanzoni: soma udongo. Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu ndani ya mmoja. Upande wa mashariki, karibu na barabara, ni msitu mchanganyiko, wenye kivuli kizito. Katikati kuna ukanda wa mirihi, Brachystegia kwa jina la wataalamu, juu ya mchanga mweupe. Magharibi ni vichaka vizito vya Cynometra juu ya udongo mwekundu. Chozi wako yuko kwenye mchanga mweupe. Ukiona matairi yameanza kuchukua rangi nyekundu, umeshampita, geuza.

Mrihi wenyewe utaujua kwa umbo: shina limejikunja, matawi yametandaza juu kama mwavuli, miti imeachana, chini kuna nyasi na jua linafika. Majani yake machanga hutoka mekundu kama shaba kabla ya kuwa kijani, na mti uliovaa majani hayo huonekana kwa mbali. Mimi huanzia kwenye miti ya namna hiyo, kwa sababu majani laini huleta wadudu, na wadudu ndio sehemu kubwa ya riziki anayopekua kule juu.

Fika kwenye mirihi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapochomoza. Una muda mpaka saa nne. Baada ya hapo joto linapanda na msitu unanyamaza.

Usitembee. Hili ni gumu kwa watu wenye bidii. Chagua mahali penye mirihi mirefu mitano au sita unayoweza kuiona vilele vyake vyote, jua likiwa nyuma yako, na ukae robo saa nzima. Unachongojea ni msafara. Ndege wa vilele vya mirihi hawatembei mmojammoja. Hujikusanya aina kwa aina, wakapita mti hadi mti wakila kwa pamoja, na chozi wa Amani mara nyingi yumo ndani yao. Msafara unaweza kupita mbele yako kwa dakika tano, ukafuatwa na saa nzima ya kimya. Waliotembea wakati wa kimya ndio huwa mbali unapopita.

Msafara una wapiga mbiu wake. Sikiliza mbwigu wa kofia, ambao huenda kwa vikundi na kelele nyingi. Kuna weusi wenye mgongo wa kahawia na mdomo mwekundu, na wapo wengine wa kijivu wenye paji la rangi ya kutu. Ukiwasikia, geukia huko na ujiandae. Pamoja nao utaona mnana wa msituni mwenye mgongo mweusi na tumbo la njano akitambaa kwenye matawi, na ukiwa na bahati mnana wa Clarke, ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Huyo makazi yake ya kuzalia yalikuwa fumbo mpaka mwaka 2013, yalipopatikana huko Dakatcha, kaskazini mwa Sokoke. Mtazame sekunde mbili, kisha rudi kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Wakati wakubwa wanapiga kelele, wewe tazama vidogo. Pitisha macho kwenye ncha za nje za matawi ya juu kabisa, pale majani yanapokutana na anga. Chozi wa Amani hupekua huko, akiruka kutoka kishada hadi kishada, wakati mwingine akining'inia kichwa chini. Ukiona jani linatikisika na hakuna upepo, inua darubini. Uliza: tumbo? Jeupe. Koo? Jeusi, na likipigwa na jua, kijani. Umempata.

Na sasa mkeka. Baada ya dakika ishirini za kutazama juu shingo huanza kugoma, na mtu mwenye shingo inayouma huteremsha macho kwenye vichaka, kosa langu la kale. Tandaza mkeka, lala chali, darubini kifuani. Kwanza kagua ardhi vizuri. Niliwahi kulala kwenye njia ya siafu, na ndege niliowaona asubuhi ile sikuwaandika, kwa kuwa nilikuwa nimevua suruali mbele ya watu wazima. Kagua pia kifutu, ambaye hulala kwenye majani makavu bila kujitambulisha. Na mwongozaji abaki amesimama, akitazama na kusikiliza kwa niaba yenu nyote.

Ikifika saa nne hujampata, usiendelee kupigana na joto. Nenda msitu mchanganyiko karibu na Gede ukapumzike kivulini, utaweza kumwona sengi wa makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akikimbia kwenye majani kama aliyechelewa miadi, kisha rudi kwenye mirihi saa kumi jioni. Jioni si nzuri kama asubuhi lakini nimempata mara moja.

Amani, kwa wanaopenda kupanda

Njia ni kupitia Muheza, mji ulio kwenye barabara ya Tanga–Segera. Kutoka hapo unapanda hadi Zigi, kwenye lango la hifadhi, palipokuwa kituo cha reli ya Wajerumani, halafu barabara inajikunja kupanda mlima hadi Amani, mita 900 hivi juu ya bahari. Mvua ikinyesha barabara hiyo huteleza. Ulizia hali yake Muheza kabla ya kuanza. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania tangu wakala huo uchukue misitu ya serikali, na ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Kibali na mwongozaji vyote unavipata langoni. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu.

Watu wengi hupanda moja kwa moja hadi juu. Mimi nashauri ulale usiku wa kwanza Zigi. Kule chini ukungu ni kidogo, na miti iliyo kando ya barabara inatoa nafasi ya kuona vilele. Asubuhi ya pili ndipo upande.

Mbinu ya pwani ya kukaa na kungoja inafaa huku pia, ila mahali pa kukaa ni tofauti. Usiingie ndani ya msitu mzito, hutaona kitu zaidi ya mashina. Tumia mteremko. Barabara zinazopita ubavuni mwa mlima zina upande mmoja ulioanguka bondeni, na vilele vya miti iliyoota bondeni vinakuja sawa na macho yako. Simama kwenye kona ya namna hiyo, au kwenye ukingo ambapo msitu unakutana na shamba la chai, na utazame mbele badala ya juu. Shingo inashukuru, na kijani cha koo kinaonekana kijani kweli kwa sababu humtazami dhidi ya anga. Mwendo wa asubuhi kwenye njia ya kilima cha Mbomole una kona kadhaa za kufaa.

Ukungu ukishuka, kaa kikao. Usirudi kulala. Ukungu wa Amani huondoka ghafla, na ile nusu saa ya kwanza ya jua ndege wote hutoka kujikausha na kula kwa pupa. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko saa tatu za kutwa.

Watakaokuchanganya

Pwani, msumbufu wa kwanza ni Hedydipna collaris, ndugu yake wa karibu, wa kijani pia na mdogo pia. Huyo tumbo lake ni la njano, na kati ya koo na tumbo dume ana mstari mwembamba wa zambarau. Ukiona njano hata kidogo tu, mwache. Yuko pia chozi wa Reichenow, Anthreptes reichenowi, ambaye dume wake ana koo na paji la buluu nzito. Naye tumbo ni njano. Chozi wa zeituni ni mkubwa zaidi, mdomo mrefu, na mwili wote wa rangi moja iliyochakaa.

Kwa jike shida ni ngumu zaidi, na hapa watu wazoefu nao huteleza. Kuna chozi wa mgongo wa zambarau, Anthreptes orientalis, anayependa nyika kavu kuzunguka msitu. Jike lake pia lina tumbo jeupe na mkia wa buluu-zambarau. Tazama juu ya jicho. Huyo wa nyika ana unyusi mweupe ulio wazi. Wa Amani uso wake ni mtupu. Kama hukuuona uso, usiandike. Kwa kawaida dume na jike hutembea karibu, kwa hiyo ngoja dume ajitokeze akuamulie.

Amani wasumbufu ni wengine. Anthreptes rubritorques dume ana kijani mgongoni na mkanda mwekundu kifuani, kwa hiyo ukiona wekundu umemaliza mjadala. Anthreptes neglectus ana zambarau inayong'aa mgongoni na kijivu chini, dume na jike vilevile. Chini mweupe safi pamoja na koo la kijani hana mwingine pale ila wa Amani mwenyewe.

Kuhusu kumchezea sauti

Wapo wanaochukua simu, wakaweka sauti ya ndege iliyonaswa na kuipaza mpaka dume aje kugombana na mpinzani asiyekuwepo. Inafanya kazi, siwezi kukataa. Lakini ndege wa spishi iliyo hatarini, mwenye sentimita 8 za mwili na kazi ya kula mchana kutwa, akiitwa kupigana na simu na kila kundi la wageni, anapoteza nguvu na muda wa kutunza kiota. Katika ukanda mmoja wa mirihi kuna njia chache zinazopitika, kwa hiyo ndege walewale ndio huitwa kila siku. Mimi sichezi, na mwongozaji akitoa simu mfukoni namwomba airudishe. Hajawahi kukasirika hata mmoja.

Ukikuta kiota cha ndege yeyote, ondoka. Usipige picha, usioneshe wenzako, na usiandike mahali kilipo.

Andika ulichoona, na ulichokosa

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali (msitu wa aina gani, udongo gani, mti gani), wangapi, dume au jike, walikuwa na ndege gani wengine, na urefu wa mti kwa kukadiria. Kisha peleka kumbukumbu hiyo kwenye hazina za mtandaoni za kumbukumbu za ndege: eBird, au Kenya Bird Map kama ulikuwa Sokoke, au Tanzania Bird Atlas kama ulikuwa Amani. Kote huko unaweza kutumia simu.

Ukimkosa, andika pia. Orodha ya asubuhi nzima kwenye mirihi, saa tatu na nusu, aina thelathini za ndege na chozi wa Amani hayumo, ina kazi kwa wanaofuatilia kama spishi hii inapungua. Daftari langu la zile safari tatu za mwanzo halina kitu cha namna hiyo. Sikuandika muda wala mahali, niliandika tu "sijamwona", na sasa hata mimi mwenyewe siwezi kusema nilikuwa nimesimama kwenye mchanga mweupe au mwekundu.